Kupima Kisichotokea: Biashara ya Kaboni na Uwanda wa Ufipa

Kati ya biashara zote zinazofanyika juu ya ardhi ya vijiji vya Tanzania, biashara ya kaboni ina jambo lake la pekee: bidhaa inayouzwa haijazwi kwenye gunia, haipimwi kwa debe, haipakiwi kwenye lori la kutoka Sumbawanga kwenda Tunduma, wala haiondoki mahali ilipo hata baada ya kulipiwa. Mkulima wa Laela anayeuza mahindi humkabidhi mnunuzi kitu ambacho wote wawili wamekiona na kukishika, ilhali kijiji kinachouza kaboni humkabidhi mnunuzi aliye mbali uthibitisho kwamba liko jambo ambalo lingetokea na halikutokea, yaani msitu ambao ungefyekwa na haukufyekwa, na moshi ambao ungepanda angani na haukupanda. Mhadhara huu unaichunguza biashara hiyo kwa kuitazama kutoka uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, na hoja yake ni kwamba faida yake, kwa tabianchi na kwa wanakijiji pia, hutegemea mambo mawili ambayo soko lenyewe haliwezi kuyazalisha, nayo ni ukweli wa hesabu na uthabiti wa haki ya ardhi. Na kwamba kwa vijiji vya Mkoa wa Rukwa haki ya ardhi haina budi kutangulia.

Gesijoto ni jina la jumla la hewa zinazozuia joto la dunia lisitoroke kwenda anga za juu, na iliyo kubwa kati yake kwa madhara ya muda mrefu ni hewa ukaa, ambayo hutokana na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta, gesi na miti, na pia kuoza kwa mimea. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420, na ongezeko hilo ndilo chanzo kikuu cha mabadiliko ya tabianchi, yaani kugeuka kwa mwenendo wa joto, mvua na upepo katika kipindi cha miaka mingi, jambo ambalo ni tofauti na ukame au mafuriko ya msimu mmoja. Mti uliosimama ni ghala la kaboni, kwa sababu unapokua huvuta hewa ukaa kwa majani yake na kuigeuza kuwa shina, tawi na mzizi, na mti huohuo ukikatwa na kuingizwa kwenye tanuri la mkaa, kaboni iliyokusanywa kwa miaka 60 hurudi angani kwa muda wa siku chache za kuchoma na jioni chache za kupika.

Namna ghala hilo linavyopimwa inafaa kuelezwa kwa karibu, kwa kuwa watu wengi huambiwa habari za kaboni bila kuonyeshwa mahali ambapo namba zake zinatoka. Wapimaji huingia msituni na kuweka viploti vyenye mipaka inayojulikana, kisha ndani ya kila kiploti huuzungushia utepe kila mti uliofikia unene uliokubaliwa, iwe ni mninga, mtundu au myombo, kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kimo ambacho kwa mtu mzima ni cha kifua. Huandika kipenyo kwa sentimita na jina la mti, na hapo ndipo mzee wa kijiji anayejua kuutambua mti kwa gome lake, hata majani yanapokuwa yamepukutika mwezi wa Agosti, anapokuwa na elimu ambayo kifaa chochote hakina. Kutokana na kipenyo hicho hukokotolewa uzito mkavu wa mti, na takriban nusu ya uzito huo huwa ni kaboni tupu. Nayo kila kilo moja ya kaboni, ikiungana na oksijeni ya hewani, huwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Mti wenye uzito mkavu wa tani moja kwa hiyo umezuia hewa ukaa ya karibu tani 1.8. Hesabu hii haina uchawi wowote, na kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule yoyote ya Wilaya ya Nkasi anaweza kuifanya na kuihakiki akifundishwa kwa wiki moja. Ni vyema jambo hilo likajulikana, maana hesabu inayodhaniwa kuwa ya wataalamu peke yao ndiyo inayokuwa rahisi kuchezewa.

Krediti moja ya kaboni ni hati inayothibitisha kwamba tani moja ya hewa ukaa, au kiasi cha gesijoto nyingine chenye nguvu inayolingana nayo, imezuiwa isiingie angani au imeondolewa angani. Hati hiyo hupewa namba yake na kuandikwa kwenye rejista, na kampuni iliyoinunua inapotaka kuitumia kufidia uchafuzi wake wenyewe, namba hiyo hufutwa ili pasitokee mwingine wa kuitumia mara ya pili. Masoko ya hati hizo yako ya aina mbili. Soko la lazima huundwa na sheria au mikataba ya mataifa, kama ule wa Kyoto wa mwaka 1997, ambao uliziwekea nchi tajiri ukomo na kuziruhusu kutimiza sehemu ya wajibu wao kwa kugharimia miradi katika nchi zinazoendelea. Soko la hiari ni lile ambalo kampuni au mtu hununua krediti bila kushurutishwa na sheria, ama kwa kujali, ama kwa kulinda jina lake mbele ya wateja. Na katika soko hilo la pili ndimo kaboni ya misitu mingi ya vijiji vya Afrika Mashariki inamouzwa. Kwa kuwa hakuna serikali inayolisimamia soko la hiari moja kwa moja, kazi ya kuweka viwango imeshikwa na taasisi binafsi zisizo za kibiashara, maarufu kati yake zikiwa Verra ya Marekani, Gold Standard ya Uswisi na Plan Vivo ya Uskoti, nazo hutegemea wakaguzi huru wanaolipwa na mwenye mradi anayekaguliwa, utaratibu ambao peke yake unatosha kumfanya mtu makini awe na maswali.

Swali gumu kuliko yote, hata hivyo, halihusu mti uliopo bali linahusu msitu ambao ungetoweka. Ili kujua mradi umeokoa kiasi gani, ni lazima kwanza kukadiria ni nini kingetokea kama mradi usingekuwepo, na makadirio hayo huitwa msingi wa kulinganisha. Ichukuliwe kwamba katika wilaya fulani imekadiriwa kuwa hekta 100 za msitu zingefyekwa kila mwaka, na baada ya mradi kuanza zikafyekwa hekta 20: hekta 80 zitahesabiwa kuwa zimeokolewa na kaboni yake itauzwa. Lakini kama kweli, hata bila mradi, zingefyekwa hekta 30 tu, basi kilichookolewa ni hekta 10, na hekta 70 zilizobaki hazikuwahi kuwa hatarini. Kiwanda kilichonunua krediti za hekta hizo 70 kitaendelea kutoa moshi kikiamini kimeufidia, na anga litakuwa limepokea moshi huo wote bila fidia yoyote. Kosa la namna hii halionekani kwa macho ya mtu aliyesimama msituni, maana msitu uko palepale, wa kijani na wenye ndege, na kila anayeutembelea ataridhika.

Hofu hiyo haikuwa ya nadharia tu. Mwezi Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza, pamoja na Die Zeit la Ujerumani na waandishi wa uchunguzi wa SourceMaterial, walichapisha taarifa iliyodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya krediti za misitu ya mvua zilizoidhinishwa na Verra huenda hazikuwakilisha upungufu halisi wa hewa ukaa, na baadaye mwaka huohuo jarida la Science likachapisha utafiti uliofikia hitimisho linalokaribiana na hilo kwa miradi mingi iliyochunguzwa. Verra ilizipinga njia zilizotumika katika uchunguzi huo, lakini kabla ya mwaka kwisha ilitoa utaratibu mpya wa kukokotoa msingi wa kulinganisha, ambao humwondolea mwenye mradi uhuru wa kujichagulia eneo la kujilinganisha nalo. Soko lilikwisha kutikisika: biashara ambayo mwaka 2021 ilikaribia thamani ya dola za Marekani bilioni 2 ilishuka hadi chini ya bilioni 1 mwaka 2023. Walioumia kwa kushuka huko ni pamoja na vijiji ambavyo hesabu zao zilikuwa za kweli, kwa kuwa mnunuzi aliyeogopa aliwaogopa wote.

Zaidi ya msingi wa kulinganisha, yapo masharti mengine mawili yanayohitaji maelezo mafupi. La kwanza ni kuzuia uvujaji, yaani hali ambayo msitu wa kijiji kimoja unalindwa huku wachoma mkaa wakihamia kijiji jirani, hivyo moshi ukabadili anwani tu. La pili ni udumifu, kwa sababu tani iliyouzwa leo inatakiwa ibaki ardhini kwa miongo mingi, ilhali miombo ni msitu wa moto: nyasi zilizokauka hadi Septemba na Oktoba zikishika moto huunguza hata miti mikubwa, na ndiyo maana wasimamizi wenye uzoefu huchoma mapema, mwezi Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto upite chini kwa upole na kuacha njia za kuzuia moto mkali wa baadaye. Kwa ajili ya hasara za namna hiyo, kila mradi hulazimika kuweka kando sehemu ya krediti zake kama akiba ya tahadhari isiyouzwa.

Sharti ambalo linaigusa Ufipa kwa undani zaidi ni lile la nyongeza. Soko hulipa tu kwa mabadiliko, yaani kwa jambo jema ambalo lisingefanyika bila fedha za kaboni, na halilipi kwa jema lililokuwa likifanyika tangu zamani. Ili uzito wa sharti hilo uonekane, inafaa kuitazama ardhi yenyewe. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, ni nchi ya nyasi kwa sehemu kubwa, yenye vilima vilivyo wazi, baridi kali ya Juni na Julai, na miti michache mbali na masalia ya msitu wa milimani kama ule wa Mbizi, makao ya mbega wekundu, na miombo inayoshuka kwenye kingo za uwanda huo kuelekea maziwa yote mawili katika wilaya za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga. Malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma kabla ya majembe ya viwandani kuiua kazi hiyo katika karne ya 20, bado yanaonekana katika baadhi ya mashamba na vichaka, nayo ni ushahidi kwamba mkaa na msitu vina historia ndefu katika uwanda huu.

Katika nchi hiyo ya nyasi, Wafipa walibuni kilimo cha ntumba. Mvua zinapoelekea ukingoni, kuanzia Februari hadi Aprili, udongo ungali laini na nyasi zingali mbichi, mkulima hukata mapande ya udongo pamoja na nyasi zake kwa jembe la mkono na kuyapindua, nyasi zikitazama ndani, akiyapanga duara juu ya duara mpaka kitokee kichuguu kinachofika magotini. Shamba zima hujaa vichuguu hivyo, vikipandwa maharage au maboga, huku ndani yake nyasi zikioza polepole, joto na unyevu vikifanya kazi isiyoonekana. Mvua za mwaka unaofuata zinapoanza, vichuguu hubomolewa na kusambazwa, udongo wake ukiwa umegeuka mweusi na wenye kushikana vidoleni, kisha ulezi hutupwa juu yake. Jirani zao wa kusini, Wabemba wa Zambia, walipata rutuba kwa njia ya chitemene, ambayo ni kukata matawi ya miti, kuyarundika na kuyachoma ili kupanda kwenye majivu. Mfipa hakuchoma, alizika. Lugha ya leo ingesema kwamba mmoja aliirudisha kaboni angani na mwingine aliirudisha udongoni, ingawa ni haki kuongeza kwamba kila mmoja alitumia kile ambacho nchi yake ilimpa, na kwamba chitemene cha zamani, palipokuwa na ardhi tele, kiliuacha msitu uote tena.

Mkulima wa Ufipa ambaye mpaka leo angali anatengeneza ntumba, ambaye hajawahi kuchoma nyasi za shamba lake na ambaye udongo wake una kaboni nyingi kuliko wa jirani anayetegemea plau na mbolea ya dukani, hastahili kulipwa chochote na soko la kaboni, kwa kuwa hana anachobadilisha. Jirani yake aliyeiacha ntumba miaka 30 iliyopita ndiye anayeweza kulipwa akikubali kuirudia. Kwa upande wa hesabu za anga, kanuni hiyo haina kosa, kwani kumlipa mtu kwa jambo alilokuwa akilifanya hakupunguzi hata kilo moja ya hewa ukaa. Kwa upande wa haki, ni kanuni inayomfunza mtu kwamba uharibifu una bei na utunzaji hauna. Kijiji kilichoulinda msitu wake kwa mila na adhabu zake chenyewe huambiwa kwamba msitu huo hauko hatarini, na kijiji kilichokaribia kuumaliza huambiwa kwamba kina bidhaa. Hapana njia rahisi ya kulimaliza tatizo hili ndani ya soko lenyewe, na ndiyo sababu mojawapo ya kutolifanya soko kuwa chombo pekee cha kulipia uhifadhi. Kazi iliyokwisha kufanywa inapaswa kugharimiwa kwa njia nyingine, ikiwemo bajeti ya Serikali na fedha za mataifa yaliyotajirika kwa kuchafua anga, ambayo hudaiwa bila kujali kama kuna krediti ya kuyapa au hakuna.

Mfano ulio karibu zaidi na Sumbawanga uko kaskazini, katika Milima ya Ntakata, ndani ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2017 vijiji vinane, vikiwemo Mwese, Katuma, Kapanga na Lugonesi, vimelinda zaidi ya hekta 200,000 za misitu yenye sokwe mtu na vyanzo vya mito, kwa ubia na kampuni ya Carbon Tanzania, na krediti zake zimeidhinishwa chini ya viwango vya Verra. Fedha zilizoingia kwenye akaunti za vijiji zimelipa askari wa misitu wa vijiji, zimejenga madarasa na zahanati na kugharimia bima ya afya ya wanakijiji. Linalosemwa kwa nadra ni lile lililotangulia: kwa miaka mingi kabla ya krediti ya kwanza kuuzwa, halmashauri ya wilaya na mashirika ya uhifadhi yalikwisha kuvisaidia vijiji hivyo kupima mipaka, kuandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi na kutenga misitu ya hifadhi ya vijiji. Hali kadhalika katika Bonde la Yaeda mkoani Manyara, ambako kampuni hiyohiyo ilianza kazi yake, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, na kaboni ikaja kusimama juu ya hati hiyo. Katika visa vyote viwili, mnunuzi aliyefika alimkuta mwenye mali amesimama mlangoni.

Kisa kinachoonyesha upande wa pili kiko kaskazini mwa Kenya, ambako mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho uliendeshwa katika hifadhi za jamii za wafugaji chini ya taasisi ya Northern Rangelands Trust. Mwezi Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, ya Biliqo Bulesa na ya Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ushirikishwaji wa umma uliotakiwa, na mojawapo ya maeneo hayo lilikuwa ndani ya mradi wa kaboni. Krediti za ardhi hiyo zilikuwa zimekwisha kununuliwa na kampuni za mbali. Hesabu ya udongo ingeweza kuwa sahihi hadi gramu ya mwisho, na bado nyumba nzima ikatikisika kwa sababu ya msingi: walioulizwa hawakuwa wenye ardhi wote, au hawakuulizwa ipasavyo. Tofauti na huo, huko Gazi, pwani ya Kwale nchini Kenya, mradi mdogo wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117 tu na ulioanza mwaka 2013, umedumu kwa fedha kidogo ambazo wanakijiji wenyewe huamua zielekezwe wapi, na maji ya bomba na vitabu vya shule vinaonekana na kila mtu.

Tanzania ina sheria ambazo, zikitumiwa, zinatosha kumweka mwanakijiji mahali pake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na kuizuia halmashauri hiyo isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Mpango wa MKUHUMI, yaani wa kupunguza hewa ukaa inayotokana na ukataji miti ovyo na uharibifu wa misitu, uliojaribiwa nchini kwa msaada wa Norwe kufuatia makubaliano ya mwaka 2008, uliacha somo kuhusu namna ya kugawana fedha ndani ya kijiji. Hatimaye Serikali ilitoa mwaka 2022 kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kikapewa nafasi ya kusajili miradi na kutunza takwimu zake. Msitu wa hifadhi ya Serikali, hata ukipakana na kijiji na hata kijiji kikinywa maji yake, si mali ya kijiji, na kaboni yake haiwezi kuuzwa na kijiji. Wanaoishi chini ya Mbizi wanapaswa kuambiwa hivyo mapema, kabla ya matumaini kugeuka kuwa uchungu.

Kuhusu biashara hii kama jibu la mabadiliko ya tabianchi kwa jumla, vipimo vyake vinajieleza. Mwaka 2023 soko la hiari liliuza krediti za takriban tani milioni 111, na katika mwaka huo dunia ilitoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kutokana na nishati ya visukuku peke yake, maana yake ni kwamba kwa kila tani moja iliyouzwa sokoni, zaidi ya tani 300 zilipanda angani. Hata kama kila krediti ingekuwa ya kweli, soko hili lisingezuia Ziwa Tanganyika lisifurike wala mvua za Novemba zisichelewe. Tani inayotunzwa ndani ya mninga wa Kalambo, tena, hailingani kwa kila hali na tani ya makaa ya mawe iliyoachwa chini ya ardhi, kwa kuwa ya kwanza inaweza kuungua kesho na ya pili haiwezi. Krediti ya kaboni kwa hiyo inafaa kueleweka kama ujira wa ulinzi wa msitu, ujira halali na unaohitajika sana, na isieleweke kama ruhusa ya kuendelea kuchafua. Mnunuzi anayepunguza moshi wake kwanza na kununua krediti kwa kile kilichobaki anafanya jambo la maana. Anayenunua ili asipunguze anamtwisha mwanakijiji wa Nkasi mzigo wa anasa zake.

Kwa vijiji vya Rukwa vilivyo na miombo, ambavyo baadhi yake huenda vikafikiwa na wawekezaji katika miaka ijayo, mambo yanayofuata kutokana na yote yaliyoelezwa ni ya kawaida kabisa, na yanahitaji subira kuliko fedha. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unatakiwa uwepo kabla ya mazungumzo yoyote ya kaboni, na uwahusishe pia wafugaji waliohamia Bonde la Rukwa na kingo za uwanda pamoja na mifugo yao, kwa sababu mpango unaowasahau wenye ng'ombe utavunjwa na ng'ombe katika kiangazi cha kwanza, na wenye kulaumiwa watakuwa wachungaji ambao hawakuitwa mkutanoni. Eneo la kupata kuni na la kuchoma mkaa kwa utaratibu linatakiwa litengwe waziwazi, maana mama anayepika kwa mafiga matatu hawezi kuambiwa angoje gesi ya mitungi ishuke bei. Vijana wawili au watatu wa kijiji wanatakiwa wafundishwe kupima kiploti na kutunza daftari lao wenyewe la vipimo, tofauti na la mwekezaji, ili namba zinapoletwa kutoka nje pawepo na namba za kuzilinganisha nazo.

Unabaki mkataba. Mikataba ya kaboni huwa ya miaka 20, 30 au zaidi, muda ambao mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kutia saini atakuwa mzazi anayetafuta shamba kabla haujakwisha, na kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza na wanasheria wasiowahi kukanyaga ardhi inayohusika. Kwa kuwa idhini ya mkutano mkuu haiwezi kuwa idhini pale ambapo hakuna aliyeelewa kinachoidhinishwa, mkataba huo unapaswa kutafsiriwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote majuma kadhaa kabla ya mkutano. Kisha usomwe kwa sauti mbele ya wote, kifungu baada ya kifungu, na kufafanuliwa kwa Kifipa pale wazee wanapohitaji, ukieleza bei ya chini ya kila tani, mgawo wa kila upande, nani atabeba hasara msitu ukiungua, na kwa njia gani kijiji kinaweza kujitoa. Maswali yote yaliyoulizwa, na majina ya walioyauliza na majibu waliyopewa, yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na muhtasari huo usomwe na kusahihishwa siku nyingine, baada ya watu kurudi nyumbani na kulizungumza jambo hilo usiku, kabla mwenyekiti na mtendaji wa kijiji hawajashika kalamu.